Amepatikana Nyakahura

Kirushya, Ngara
4 Machi 2024

Kwako Jean Paul, mtoto wa kaka yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, tunaomba na wewe huko Dodoma uwe hujambo. Baba yako mguu unamsumbua asubuhi, ikifika mchana anausahau, hasa akisikia kuna mahali pombe imeiva. Dada yako Iradukunda amejifungua mtoto wa kike, mzima, kichwa chote nywele kama bibi yenu. Maharage tumeshapanda. Migomba ya bondeni imeanza kunyauka tena na bwana shamba anasema tuing'oe yote. Michache nimeng'oa, iliyobaki naiangalia tu, roho haitaki.

Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa nisikilize.

Simu nimeizima, usihangaike kunipigia. Nataka maneno yanayokaa pale yalipowekwa. Barua hii nampa Suleman, yule konda wa basi, kaka yake Naima mwenye duka Ngara mjini. Ataiacha kituoni kwa jina lako. Na wewe jibu lako mpe yeye, ataliacha kwa Naima.

Lile tangazo langu wewe ndiye umekuwa ukiliandika tangu uko darasa la tano, kwa kuwa mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wa wote hapa nyumbani. Unalijua kama unavyoijua Baba Yetu. "Akimana, mtoto wa Felisita, anatafutwa. Alipotea akiwa na miaka minne, siku tulipovuka mto Ruvubu, mwaka 1993. Ana kovu la moto mkono wa kushoto. Mwenye habari zake afike Kirushya." Limesomwa kanisani, limesomwa redioni, limebandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga mpaka karatasi ikaliwa na mchwa. Krismasi ya mwaka juzi ukaniambia, shangazi, hili nitaliweka kwenye mtandao, dunia nzima ilione. Kwa neno hilo nikakuchinjia jogoo.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Naima kununua chumvi. Nikamwambia, hebu nitafutie mwanangu kwenye simu yako, nione anavyokaa huko. Naima akaandika, akasoma kimya, akasoma tena kimya. Nikamwambia soma kwa sauti, mimi si mgonjwa. Akanisomea: "Akimana amepatikana Nyakahura."

Hilo si tangazo langu. Nataka uniambie ni nani aliyeligusa. Halafu uniambie, wewe ulipoliona neno hilo ulifanya nini. Hili la pili ndilo ninalolitaka zaidi.

Shangazi yako,
Felisita


Dodoma
21 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, ila Suleman aliisahau kwenye droo ya basi, akaizungusha Dar es Salaam na Ngara kabla ya kukumbuka. Nimefurahi sana kwa habari ya Iradukunda. Mpe hongera, mwambie nguo za mtoto nitazileta mwenyewe. Mimi sijambo, kazi ndizo zimenizidi. Baba mwambie dawa ya kuchua ipo njiani.

Shangazi, umekasirika na haki unayo. Lakini naomba nikueleze kwanza, maana jambo lenyewe haliko kama unavyolifikiria. Hakuna mtu aliyeligusa tangazo lako.

Nililiweka mtandaoni kama nilivyoahidi, neno kwa neno. Likakaa miezi na miezi na hakuna aliyelifungua. Mtandaoni mtu hapiti njiani akaona karatasi ukutani. Anaandika anachokitaka, na mashine ya kutafutia inampeleka kwenye kurasa zenye maneno hayo. Tangazo lako halikuwa na maneno ambayo watu wanayaandika. Nilikuwa nikifungua mimi peke yangu, na iliniuma.

Wakati huo nilikuwa na jaribio langu la kompyuta, nikaona nilitie humo. Nilitengeneza kurasa nyingi za tangazo lile lile, kila ukurasa ukiwa umepishana na mwenzake kwa neno moja. Kila Jumapili programu inaangalia ni ukurasa upi umeletewa watu. Usioletewa mtu unafutwa. Ulioletewa wengi unazaa, yaani unanakiliwa, na kila nakala inabadilishwa neno moja, ambalo programu inalichomoa bila kuchagua kutoka kwenye mfuko wa maneno niliyoyaweka mwanzoni. Jumapili inayofuata, hivyo hivyo. Ni kama wewe unavyochagua mbegu ya maharage kila msimu, ukatupa dhaifu na kupanda nzuri. Hakuna anayeandika. Wanaochagua ni watu wenyewe wanaotafuta, na wala hawajui kwamba wanachagua.

Nilidhani tangazo litajitafutia njia, na kweli likajitafutia. Neno "anatafutwa" lilikufa mapema sana. "Amepatikana" likazaa. Majina ya mahali nilikuwa nimeweka yale ya njia ya kwetu, Kirushya, Lusahunga na Nyakahura, na Nyakahura ndilo lililoshika. Sijui kwa nini. Pengine ni madereva wa malori.

Kwa hiyo ni hesabu tu, shangazi, haina nia mbaya wala nzuri. Wenzangu hapa wanaisifu. Mwezi wa sita mwanzoni nimealikwa kuieleza kwenye mkutano mkubwa Dar es Salaam. Lakini kwa kuwa imekuudhi, nimeisimamisha, na nitaangalia namna ya kuzifuta zile kurasa.

Hivi baba anajua?

Mwanao,
Jean Paul


Kirushya
9 Aprili 2024

Jean Paul,

Marahaba. Pasaka imepita na hukuja. Mtoto wa Iradukunda ananenepa. Migomba ile niliyoionea huruma imekufa yote.

Umeniandikia mengi na swali langu umelizunguka kama mtu aliyeona nyoka njiani. Nitalirudia mwishoni. Kwanza nikujibu ya maharage.

Usinifundishe mbegu. Mimi nikichagua mbegu, nachagua ile itakayotulisha. Yapo maharage yanang'aa, wapita njia wanayashika na kuyasifu, ukiyaweka motoni kuni zinakwisha hayajaiva. Wewe umewaachia wapita njia wakuchagulie, ukapanda yanayong'aa, na aliyekaa mezani kuyala ni mimi.

La pili. Wewe umezaliwa upande huu wa mto, kwa hiyo hujui neno "amepatikana" linavyosikika masikioni mwetu tuliovuka tukikimbia vita. Mtu akipotea majini, wanaume wakashuka kumtafuta, mara mmoja akaita kule chini, "Amepatikana," hakuna anayekimbia kwa furaha. Wanawake wanavua vilemba na kukaa chini. Na mtoto akipotea gulioni, akaonekana, wanaita neno lile lile na watu wanacheka. Kwetu neno hilo lina milango miwili. Mashine yako ililitamka na haikusema mlango upi.

Miaka yote hii sijamkalia Akimana matanga, kwa sababu hakuna aliyekuja kuniambia amekufa. Wala sijapiga kigelegele, kwa sababu hakuna aliyekuja naye. Naima aliponisomea lile neno nilirudi nyumbani nikavundika ndizi. Zilipoiva nikakamua, nikaweka pombe. Pombe ya ndizi inanyweka arusini na inanyweka matangani, haina ubaguzi. Majirani wakasikia harufu, wakaja kuniuliza, "Mama Akimana, tuje na nyimbo au tuje na kilio?" Nikawaambia njooni na mirija, hayo mengine tutayajua. Watu wakanywa kimya, kila mmoja anamwangalia mwenzake aanze yeye. Baba yako alikaa karibu na mtungi tangu asubuhi na hakuuliza kitu.

Kisha nikaenda Nyakahura. Kwenye kikapu nilikuwa na kitenge kipya cha kumvisha, na chini yake shuka jeupe. Hilo sikumwambia mtu hapa. Nakwambia wewe.

Nikashuka siku ya gulio. Nikamuuliza mzee mmoja anayeuza kamba za ng'ombe kama anamjua mwanamke anayeitwa Akimana, mwenye kovu mkono wa kushoto. Akaniangalia, akasema, "Mama, na wewe umekuja kwa habali ya simu? Pita pale kwa wenzako." Nikapita. Kwenye baraza la mama lishe nikakuta watu wamekaa kwenye mabenchi, wana mabegi, hawali. Mmoja anamtafuta dada yake Ineza. Mwingine anamtafuta mumewe. Yupo mama mmoja anaitwa Evarista, ametoka Kibondo, anamtafuta mwanawe Bigirimana aliyekwenda machimboni na hakurudi. Kila mmoja simu yake imemwambia mtu wake amepatikana Nyakahura. Nilikaa nao, tukatazamana. Tulikuwa watafutaji watupu. Waliopatikana hawakuwepo.

Jioni wengine waliondoka, wananung'unika. Evarista alibaki, na mpaka leo yuko pale. Analala kwa yule mama lishe, anamwoshea vyombo. Basi likisimama anainuka. Likiondoka anakaa.

Shuleni walitufundisha njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako imefika Kibondo.

Zifute hizo kurasa. Na unieleze majina ya watoto wa wenzangu uliyatoa wapi. Na swali langu liko pale pale, ulipoliona neno hilo ulifanya nini.

Uliniuliza kama baba yako anajua. Baba yako alikunywa pombe ya mwanangu. Hayo yamtoshe kwa sasa.

Felisita


Dodoma
2 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nimetuma fedha kidogo ya dawa ya baba kwa simu ya Iradukunda, mwambieni achukue.

Nimezifuta zote. Niliketi nikafuta ukurasa mmoja mmoja na mfuko wa maneno nao nikauchoma, kwa namna ya kusema. Kwangu hakuna tena kitu. Lakini ni lazima nikwambie ukweli, kwamba ukurasa ukishapendwa, watu wengine wanaunakili na kuuweka kwenye tovuti zao ili wapate wasomaji. Siwajui watu hao. Wengine hata si Watanzania. Hivyo ukiona pengine bado upo, ujue si wangu.

Majina sikuyatoa kwa mtu yeyote. Programu ilihitaji majina ya kubadilishia, nikaandika yale niliyokuwa nikiyasikia nyumbani na shuleni, Bigirimana, Ineza, Priscila, na mengine. Nilichukulia ni maneno. Kwetu si kila nyumba ina Bigirimana? Sikufikiri kwamba jina moja lina mama yake anayelitafuta.

Na mimi shangazi naomba niseme, usinifokee kabla hujamaliza. Redio imekusomea tangazo miaka yote, haikukuletea mtu. Padri amelisoma, hakukuletea mtu. Hakuna anayewagombeza. Mimi peke yangu ndiye niliyejaribu kitu kipya, na mimi peke yangu ndiye mwongo. Huyo mama wa Kibondo mimi sikumwita. Alisoma mwenyewe akapanda basi mwenyewe. Si uko karibu naye kuliko mimi? Nenda umwambie ni makosa ya kompyuta, arudi kwake.

Maandalizi ya mkutano yamenibana, nisamehe kwa ufupi.

Jean Paul


Kirushya
19 Mei 2024

Jean Paul,

Barua yako Naima alikaa nayo siku kadhaa kabla ya kunipa. Aliona bahasha nyembamba akaogopa kunipa kitu chembamba. Ana akili yule.

Wote hatujambo. Baba yako alipokea dawa.

Nilikwenda tena kwa Naima. Akaandika jina la mwanangu. Sasa linasema hivi, nimemwambia aniandikie kwenye karatasi nisije nikakosea: "Akimana, miaka 19, amepatikana Nyakahura, tazama picha." Picha haipo. Na Akimana wangu mwaka huu angekuwa na miaka thelathini na mitano, mtu mzima, huenda na wajukuu ningekuwa nao. Wamemfanya msichana kwa sababu wapita njia wanapenda wasichana. Unasema si wako. Mtu akifuga mbwa akamfungua usiku, asubuhi mbwa ameng'ata watu, anasimama mlangoni anasema, mimi mbwa wangu nilishamfukuza.

Umesema redio na padri hawakuniletea mtu. Ni kweli. Redio ilisema Akimana anatafutwa, na Akimana alikuwa anatafutwa. Padri alisema hivyo hivyo. Waliniacha na kilio changu kama walivyokikuta. Miaka yote hii nilikuwa najua ninachokijua na ninachokosa kukijua. Wewe umekuja ukavichanganya. Sasa usiku nalala nikiwaza, huenda kweli yuko Nyakahura, huenda nilishuka upande usio wake wa barabara. Najua ni uongo, najua umetoka kwako, na bado nawaza. Hicho ndicho ulichonifanyia, na ndicho kinachonipandisha hasira mpaka jembe silishiki vizuri.

Ulisema niende nikamwambie Evarista. Nilikwenda. Nilimwambia yote, kwamba ni mtoto wa kaka yangu, ni mashine, mwanao hakuonekana hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono iko kwenye beseni la vyombo. Kisha akasema, "Dada, wako hakupatikana, ndiyo maana unanionea wivu." Nikapanda basi nikarudi.

Maneno yangu hayawezi kumtoa pale. Aliyemweka pale ni wewe, na wewe ndiye utakayekwenda kumwambia kwa mdomo wako, ana kwa ana. Basi la Ngara linapita Nyakahura mchana kweupe. Shuka pale. Usije Kirushya kabla hujashuka pale, nitakufungia mlango na baba yako akiwa anatazama.

Swali langu hili ni mara ya mwisho naliuliza. Usiponijibu, usiniandikie tena.

Felisita


Nyakahura, Biharamulo
17 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye baraza la mama lishe, kwenye lile benchi ulilokaa. Suleman amenipa karatasi hii kutoka kwenye kitabu chake cha tiketi, kwa hiyo usishangae nyuma kuna maandishi.

Nakujibu. Nililiona. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nilifungua kompyuta kuangalia Jumapili imezaa nini. Nikaona "Akimana amepatikana Nyakahura". Nilijua ni uongo, na nilijua ni uongo juu ya nani. Kisha nikaona idadi ya watu walioufungua, imepanda kuliko kurasa zote. Nikawaita wenzangu ofisini waje waone. Tukashangilia, shangazi. Mmoja akaninunulia soda. Hicho ndicho nilichofanya nilipoliona.

Mkutanoni sikwenda. Usinisifu kwa hilo. Niliogopa tu kwamba mle ukumbini mtu mmoja angesimama na kuuliza swali lako.

Nilishuka hapa siku ya Jumatano. Evarista nilimjua kabla hajatajwa, kwa sababu basi liliposimama aliinuka akaangalia kila aliyeshuka usoni, na mimi nikiwamo. Nilimwamkia, nikamwomba tukae. Nikamweleza. Sikusema hesabu wala mbegu. Nilisema, mama, mimi ndiye niliyefanya simu yako iseme Bigirimana amepatikana. Simjui mwanao. Sijawahi kumwona. Nilidanganya.

Nilidhani atalia, nikawa nimejiandaa kwa hilo. Akaniuliza, "Ni wewe uliyesema amepatikana?" Nikasema ni mimi. "Na ni wewe unayesema hakupatikana?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Sasa wewe kijana, nikuamini siku ipi?"

Nilimwapia kwa Mungu, akasema wanaodanganya ndio wanaoapa. Nilimwambia nitamlipia nauli, akasema nauli anayo, ameificha, ni ya watu wawili.

Alinitazama siku mbili nikiwa hapa hapa, nalala kwenye chumba cha nyuma cha huyu mama. Siku ya Ijumaa jirani yake alipiga simu kutoka Kibondo, maharage yake yamekauka, yanapasukia shambani. Akafunga kanga kiunoni akaja mbele yangu. Akasema, "Mimi nakwenda kuvuna. Wewe kaa hapa. Ukiona kijana mrefu, meno ya mbele yameachana, mwambie mama yake anarudi, asiondoke." Nikamwambia mama, nimeshakueleza. Akasema, "Nimesikia. Kaa."

Basi nimekaa. Nimeandika matangazo mawili kwa mkono kwenye boksi la sabuni, la Bigirimana na la Akimana, yote yanasema anatafutwa, nimeyapigilia kwenye nguzo ya hapa barazani. Watu bado wanakuja. Jana walishuka mama na binti yake, simu yao imewaleta. Mimi ndiye ninayewapokea na kuwaeleza. Yule binti alinipiga kofi, mama yake hakumzuia, na wateja walikuwa wanaangalia. Afadhali yeye. Wengine wananishukuru kwa kuwaambia, na hilo nashindwa kulimeza.

Kazini wananipigia, sipokei. Basi likisimama nainuka. Najua hakuna atakayeshuka, mimi ndiye niliyemtunga huyo mtu wa kushuka. Nainuka hata hivyo, naangalia nyuso, naangalia meno, naangalia mikono ya kushoto.

Shangazi, niambie. Nikae hapa mpaka lini?

Mwanao,
Jean Paul


Kirushya
24 Juni 2024

Jean Paul,

Marahaba.

Mtoto wa Iradukunda amebatizwa Jumapili, hakulia hata maji yalipomgusa. Maharage tumeshavuna na kupiga, si mengi, ila yanaiva. Kile kitenge kipya nimempa Iradukunda abebee mtoto. Lile shuka jeupe nimelirudisha sandukuni.

Baba yako nimemwambia. Tangu mchana mpaka jua likazama, hata mguu hakuusema. Kisha akauliza, "Anakula nini huko?" Kwa hiyo Suleman anakuletea mkungu wa ndizi na kifuko cha maharage. Mama lishe atakupikia. Usidhani ndizi ni msamaha. Bado nina hasira na wewe, naamka nayo na kulala nayo, na sijui itakwisha lini. Lakini umenijibu swali langu, na hukujipaka asali. Nimelisoma jibu lako mara nyingi. Pale kwenye soda nililia.

Suleman alisimama akasoma lile tangazo lako la kwenye nguzo, akanieleza lilivyo. Kasema mwisho umeandika, "Mwenye habari zake tafadhali afike Kirushya." Mimi sikusema tafadhali. Tangu mwanzo halikuwamo. Lifute, uache kama lilivyokuwa.

Evarista akirudi, mpishe benchi na umsalimie kwa jina langu. Mwambie sikumwonea wivu. Au usimwambie, kwa sababu siku ile kidogo nilimwonea.

Umeniuliza ukae hapo mpaka lini. Mimi hakuna aliyeniambia.

Shangazi yako,
Felisita, mama Akimana